Mimi si Mjitaji, Lakini

Haya, sogeeni. Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, kwa hiyo asitokee mtu akaniuliza iko upande gani, wala asiniletee balozi wake kunitisha na kesi. Inaitwa Jamhuri ya Staha. Mafuta hawana, dhahabu hawana, reli yao haijawahi kufika inakokwenda, lakini heshima wanayo, tena ya kumwaga. Mgeni akishuka uwanja wa ndege hukutana na kibao kikubwa cha kijani: KARIBU STAHA, SEMA POLEPOLE.

Heshima yao kubwa kuliko zote wamewapa wanawake. Kwingine mwanamke akizaa huitwa Mama Fulani kwa mapenzi tu, huku vyeti vyake vikiendelea na jina lake la siku zote. Staha waliona huo ni uzembe. Jina la mama wa watu, walisema, halifai kuzagaa midomoni mwa makarani na wauza mkaa. Basi wakatunga Sheria ya Hifadhi ya Majina. Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, siku ya arobaini anabisha hodi ofisa wa Idara ya Hifadhi, suti nyeusi, soksi nyeupe. Anamwomba mzazi aandike jina lake kwenye kikaratasi, anakikunja, anakitia ndani ya bahasha ya kaki, anaipiga lakiri na kuondoka nayo. Mama anabaki na mtoto wake na kitambulisho kipya. Mashangazi wanapiga vigelegele, pilau inaliwa, mambo yamekwisha.

Aliyeolewa asizae huandikwa Bado. Mtaa wa Shukurani kuna bibi wa miaka themanini na mbili ambaye kitambulisho chake kinasema Bado, na kila mwaka ofisa huja kumuuliza, kwa adabu sana, kama kuna mabadiliko yoyote.

Wanaume sheria haikuwagusa. Waziri alifafanua bungeni kwamba jina la mwanamume ni gumu, halichakai kwa kutajwa. Walimpigia makofi mpaka spika akaomba maji.

*

Sasa, hata kwenye adabu nyingi namna hii hakukosi watu wa kuleta maneno. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha watoto wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne, alikuwa ameketi zahanati akisubiri dawa ya presha. Muuguzi akaita Mama Hemedi. Mwalimu hakuinuka. Akaita tena, kimya. Walipokwisha wote, yule mwalimu akasimama, akajitengeneza mtandio, akasema kwa sauti ya kuita mahudhurio kwamba yeye anaitwa Kidawa, na angependa dawa yake iandikwe hivyo. Baba mmoja aliyekuwa karibu alimziba mwanawe masikio.

Hapo ndipo walipoanzia. Kwanza walikuwa wanawake saba, baadaye ishirini na kitu. Hawakutaka vyeo wala viwanja. Walitaka bahasha zirudishwe kwa wenyewe, basi. Serikali ikawaita Wajitaji, na jina likawaganda, maana Staha hakuna tusi baya kama kumwambia mtu anajitaja.

Na ajabu ya Mungu, kila mtu alikubaliana nao. Ukienda sokoni, ukienda saluni, ukikaa kwenye benchi la kahawa, utasikia mtu anatazama huku na huku, kisha anashusha sauti: mimi si mjitaji, lakini hizo bahasha zirudi. Mimi si mjitaji, lakini hata jina la marehemu mama yangu silijui. Sentensi hiyo ilienea hadi Wizara ya Elimu ikaiweka kwenye kitabu cha sarufi, ukurasa wa sitini na moja, kuwaonyesha watoto matumizi ya neno lakini. Ilipofika sensa, serikali ikauliza bila kuficha: je, wewe ni mjitaji? Nchi nzima walijibu ndiyo watu watatu. Wawili walikuwa tayari gerezani, na wa tatu alikuwa mzee mwenye tatizo la masikio aliyedhani anaulizwa kama ni mfugaji.

Msiwacheke. Kila mmoja alikuwa na lake. Mama Eliasi alipika chai ya ofisi ya kata, na chai ya ofisi ya kata haipikwi na mtu mwenye maswali. Makata kinyozi alikuwa na hofu ya kuitwa mume wa mjitaji, na hata mke alikuwa hajapata. Wengine walisema hoja ni nzuri ila wale akina mama wanaongea kwa sauti mno. Wengine walikuwa tayari kabisa, wanangoja tu mtu mwingine atangulie, na huyo mtu mwingine alikuwa anawangoja wao.

*

Mama Zamda alikuwa mpiga pasi wa bendera. Staha wana bendera nyingi kuliko milingoti, na zote lazima zinyooke, kwa hiyo Halmashauri ilimwajiri mtu wa kazi hiyo tu, ikampa pasi ya mkaa na chumba na ukumbi nyuma ya ghala. Mumewe alifariki mapema. Alibaki yeye na Zamda, binti wa miaka kumi na saba, mrefu kuliko mama yake, mwenye kicheko cha kuchelewa. Mnamaliza kucheka wote, ndipo yeye anaanza. Mama yake alimpenda mpaka akawa anamwonea aibu. Alikuwa akimfuata na mwavuli hadi kituo cha basi, binti anajifanya hamjui.

Mwalimu Kidawa aliwahi kumfundisha Mama Zamda huyo, alipokuwa msichana mdogo wa kukalia dirishani. Kwa hiyo Wajitaji walipopata kitambaa cha kuandikia bango, Kidawa alimpelekea yeye akinyooshe. Mama Zamda alifunga dirisha, akafunga mlango, akapiga pasi chumbani kwa kulala huku jasho linamtoka, akakikunja bango ndani ya gazeti. Halafu akamshika mwalimu wake mikono miwili.

"Mwalimu, nipo na nyie kwa moyo wangu wote," alisema. "Ila tafadhali, msinitaje."

Kidawa alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Alisema mwanangu, tatizo letu lote ndilo hilo.

Bango lilikamatwa siku ya pili yake. Akaja Mkaguzi wa Staha, Bwana Kitengule, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyezoea kusema "sisi" hata akieleza kuumwa kwake jino. Alilitandaza bango mezani kwa Mama Zamda, akalipapasa, akatamka kwamba sisi tumebaini kitambaa hiki kimenyooka kiserikali. Nje, juani, kati ya askari wawili, alisimamishwa Mwalimu Kidawa.

Mkaguzi akauliza kama anamfahamu yule mwanamke. Mama Zamda alimtazama mwalimu wake. Akaifikiria pasi, na nyumba, na ada ya Zamda ya kidato cha nne.

"Simfahamu," akasema.

Kidawa alimtazama tu vile mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu anayoijua. Alipewa miezi kumi na minne jela, na Mama Zamda kwa wiki nzima hakuweza kumeza ugali.

*

Zamda alianza kulalamika kichwa siku ya Jumatano. Alhamisi homa ikapanda, hospitali wakamlaza, wakamtundikia dripu. Walihangaika naye madaktari wale, hilo lisemwe. Ijumaa alipata nafuu, akamwambia mama yake akimbie kazini asije akaharibikiwa. Jumamosi asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu, alifariki.

Sitaki kueleza jinsi mama alivyolia. Kila mtu aliyefiwa anajua, na asiyefiwa nikimweleza atadhani nimetia chumvi.

Jioni alikwenda chumba cha maiti na shuka mbili nyeupe kumchukua mwanawe. Karani alikuwa kijana mpole, akampa pole na kiti. Akaomba kitambulisho. Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena, akaanza kukunakuna sikio.

Tatizo, mama, alisema, ni hili. Kitambulisho kinasema wewe ni Mama Zamda. Zamda, kwa masikitiko makubwa, amefariki leo saa moja asubuhi. Sasa kama Zamda hayupo, Mama Zamda naye kisheria hayupo, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeegemea hapo. Na sheria inataka mwili ukabidhiwe mtu aliyepo. Alete kitambulisho cha jina lake la sasa. Akichelewa, mwili usio na mwenyewe huzikwa na Halmashauri siku ya Ijumaa, kwa namba.

"Mimi ndiye mama yake," Mama Zamda alisema. "Tazama. Tumefanana."

Karani alikiri kwamba wamefanana sana, hata kidevu, na kwamba kwa bahati mbaya kwenye fomu hakuna mahali pa kidevu.

*

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Idara ya Hifadhi ya Majina. Jengo ni zuri, lina feni. Nyuma ya kaunta makabati yamepanda hadi darini, na ndani yake bahasha za wanawake wa nchi nzima zimelala kwa ubavu, salama, hakuna mende. Ofisa aliyemhudumia alikuwa mwanamke, Mama Ombeni, mwenye bahasha yake mwenyewe humohumo nyuma ya mgongo wake.

Mama Ombeni alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi kwa karatasi ya serikali. Kisha akaeleza utaratibu. Mzazi aliyefiwa na mtoto wake wa pekee ana haki kamili ya kurudishiwa bahasha. Anachotakiwa ni kutaja jina lililomo ndani, ili itafutwe. Isipokuwa kulitaja ni kosa la kujitaja, miezi tisa, pamoja na kufutwa kazi ya umma na nyumba yake. Asipolitaja, bahasha haiwezi kupatikana, kwa sababu zimepangwa kwa majina.

Mama Zamda akauliza sasa afanyeje.

"Wengi huchagua kurudi nyumbani," Mama Ombeni alisema kwa upole.

Ila palikuwa na njia moja ya halali, nayo inaitwa kutajiwa. Akipatikana mtu aliyemjua kabla ya kuzaa, mtu safi asiye mjitaji, akaja hapa akalitaja jina kwa niaba yake, basi hakuna kosa. Jina la mtu mwingine si kujitaja.

Na hapa ndipo ninapomwonea uchungu mwanamke huyu, maana ningeweza kuwadanganya kwamba alisimama palepale akalitamka. Hakulitamka. Jina alikuwa nalo mdomoni, mwanawe yuko kwenye jokofu barabara ya pili, na yeye akafunga mkoba wake akaenda kutafuta mtu wa kumsemea. Alijiambia kuna siku nne bado.

Waliomjua kwa jina hawakuwa wengi. Mama yake alikwisha fariki, mumewe pia, kaka alikwenda ng'ambo akanyamaza. Alibaki Mama Faraji, muuza vitenge wa soko kuu, waliyesoma naye dawati moja na kuazimana sare. Mama Faraji alipomwona tu alimkumbatia, wakalia wote katikati ya vitenge. Alimwagizia soda. Lakini Mama Zamda alipoeleza shida yake, mwenzake aliitazama ile soda kwa muda.

Akasema samahani shoga yangu, miaka imepita, jina lako nimelisahau. Akaanza kulia upya, kilio cha kukata pumzi, na Mama Zamda akajua kwamba hakulisahau. Mimi si mjitaji, Mama Faraji alisema katikati ya kilio, lakini Mungu anauona moyo wangu. Mumewe alikuwa mbioni kupewa kizimba cha pili pale sokoni.

Mama Zamda angemjibu nini, na yeye mwenyewe alikwisha kusema simfahamu kwa mtu aliyesimama juani? Aliondoka amebeba soda yake, na hakumbuki aliiacha wapi.

*

Jumanne alizunguka bure. Jumatano akaenda gerezani.

Walimleta Mwalimu Kidawa kwenye benchi la wageni, amekonda, kanzu ya wafungwa inampwaya. Mama Zamda alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi.

Kidawa alimwangalia, akasema taratibu, kama anasoma kwenye rejista: "Siwatu Mbaruku. Namba kumi na tisa."

Mama Zamda alishika ukingo wa benchi. Ilikuwa miaka kumi na saba hajaitwa hivyo na mtu. Na kusema kweli, siku ile ya bahasha hakuumia sana kulikabidhi, kwa kuwa lilimtesa utotoni. Mama yake alimzaa katika mtaa ambao majirani walimsusa, hakuna aliyemletea hata uji, akawaapiza kwa jina la mtoto: hawa si watu. Shuleni wenzake walimzungushia kamba wakiimba kwamba huyu si watu, huyu si watu. Ni Mwalimu Kidawa aliyewachapa, akawaambia jina la mtu si la kuchezea kamba.

Alimweleza mwalimu yote, ya Zamda na ya Ijumaa. Kidawa alilia naye. Kisha akamwambia ukweli wa sheria, kwamba yeye ni mjitaji aliyefungwa na neno lake halifai kwa Idara wala kwa chumba cha maiti.

"Nisamehe, Mwalimu. Siku ile..."

"Nilikusamehe palepale juani. Jua lenyewe lilikuwa kali, sikuwa na nafasi ya kukuchukia." Akamshika mkono. "Lakini usitafute tena mtu wa kukusemea. Nenda ukaseme."

"Nitapoteza kazi."

"Utapoteza."

"Na nyumba."

"Na nyumba. Sikudanganyi, mwanangu. Wengi walinifuata kwa sababu niliwaambia haitauma, na wote walikimbia ilipouma."

Mama Zamda akauliza kwa nini, kama ni hivyo, yeye aliinuka siku ile zahanati. Kidawa alisema alikuwa amechoka tu, na dawa ya presha ilikuwa inakaribia kuisha dirishani.

*

Alhamisi, saa nne, Mama Zamda aliingia ukumbi wa Halmashauri kujitaja. Ilibidi ifanyike hadharani, mbele ya Mkaguzi, ili iwe fundisho. Ukumbi ulijaa. Mtaa mzima wa nyuma ya ghala ulikuja, wanawake wamejifunika kanga hadi usoni, wamekaa viti vya nyuma. Hawakuja kumuunga mkono, walieleza mlangoni walipoulizwa. Walikuja kuona. Na Mama Faraji alikuwemo, mstari wa tatu.

Bwana Kitengule alifungua kwa hotuba. Sisi, alisema, tumeguswa na msiba huu kiasi cha kukosa hamu ya kifungua kinywa. Lakini taifa ni kama kanzu, ukivuta uzi mmoja unabaki uchi. Leo huyu anataka jina lake, kesho mwingine atataka lake, keshokutwa wanawake wote watakuwa na majina, na sisi tutajua vipi ni mama wa nani? Alifuta uso. Akamwambia mwombaji ataje.

Mama Zamda alisimama wima. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza hata yeye.

"Siwatu," akasema.

Karani alipiga taipu, akasita. Mkaguzi akainua macho.

"Nani si watu?"

"Mimi."

"Wewe si watu?"

"Mimi ni Siwatu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mkaguzi alimwegemea karani, wakashauriana, kisha akasimama amevimba kuliko alivyokaa. Iandikwe, alisema, kwamba mwombaji alipoulizwa jina lake aliwatazama viongozi na wananchi walioacha shughuli zao kuja kumsikiliza, akawaambia kwamba si watu. Na alipopewa nafasi ya kujirekebisha, akarudia. Mama Zamda alijaribu kueleza kwamba ni jina, alipewa na mama yake. Karani akamkumbusha kwa huruma kwamba kila akieleza anajitaja upya, na kila mara inahesabiwa.

Hapo Mkaguzi alifanya jambo la haki, na kwa hilo lazima nimsifu. Aliugeukia ukumbi. Akauliza kama yupo yeyote humu anayeweza kuthibitisha kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba mwanamke huyu ndiye mwenye nalo. Mtu mmoja tu angetosha. Mwili ungetoka leo.

Wale majirani walimjua mwaka wa kumi na sita ule. Walimwona Zamda akijifunza kutembea kwa kushika ukuta wa ghala. Waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakazitazama ndala zao. Mama Faraji alifungua mkoba wake akawa anatafuta kitu ndani, anatafuta, anatafuta, mpaka Mkaguzi akasema hakuna, tuendelee.

Alihukumiwa miezi tisa kwa kujitaja na mitatu kwa kuutukana umma. Kifungo kianze Jumatatu, kwa kuwa Jumapili ni Sikukuu ya Staha na bendera hazijapigwa pasi. Ombi la mwili lilikataliwa, maana mwombaji sasa ni mhalifu.

Nje, wanawake walimzunguka wakimlilia na kumshika mabega, kila mmoja akimwambia sikioni ile sentensi ya ukurasa wa sitini na moja. Aliwaitikia wote. Alisema asanteni, akaenda zake.

*

Ijumaa Zamda alizikwa.

Staha, wanawake hawaendi makaburini kuzika. Lakini kwa karatasi zote za serikali, huyu hakuwa ndugu wa marehemu, alikuwa mpita njia tu, na sheria ya kumzuia mpita njia haikuwepo. Akakifuata kile kitoroli cha Halmashauri kwa miguu. Askari mmoja alikaa getini na daftari. Wanawake wa mtaani walikuja mpaka kwenye ua wa minyaa, wakasimama upande wa nje, barabarani, mahali ambapo mtu akiulizwa anaweza kusema anasubiri basi.

Wachimbaji wawili walimshusha. Walimshusha vizuri, bila kumgonga. Mama yake alisimama hatua tatu nyuma na mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa.

Halmashauri ilikuwa na mzee wa kuwasomea wasio na wenyewe, Maalim Bungara, mwenye fimbo na kikohozi. Udongo ulipokwisha kufukiwa, akachuchumaa upande wa kichwani ili amsomee talkini, yale maneno ambayo maiti huambiwa kaburini ili asibabaike akiulizwa na malaika. Na jambo hili wanawake wa Staha walikuwa hawalijui, kwa kuwa hawajawahi kusimama hapo: kwenye talkini maiti haitwi kwa baba yake. Anaitwa kwa mama. Watunga sheria waliliona hilo zamani, wakatoa waraka kwamba, kwa vile majina ya mama yamo kwenye hifadhi, kila maiti aitwe mwana wa Hawa, mama wa wote. Kwa miaka arobaini mawaziri, wezi wa kuku na maprofesa wa nchi ile wamezikwa hivyo, wote ndugu.

Maalim aliangalia karatasi, akakohoa. "Ewe Zamda," akaanza, "binti Hawa."

"Siyo wa Hawa," mwanamke akasema nyuma yake. "Ni wangu, Maalim."

Maalim hakugeuka. Alikaa vile vile amechuchumaa, kiganja kimoja kiko juu ya udongo mbichi.

"Wewe ni nani?"

"Siwatu."

Mzee hakumuuliza mara ya pili. Alitazama getini, akautazama ua wa minyaa na zile kanga zilizosimama nyuma yake. Talkini husomwa kwa sauti ya chini, kama unamwamsha mtu bila kumshtua. Yeye alivuta pumzi akaisoma kwa sauti ya kwenye mnara.

"Ewe Zamda, binti Siwatu!"

Mama alikaa chini. Alikaa palepale kwenye mchanga, akaweka mkono kaburini pembeni ya mkono wa mzee. Alilia sasa kwa sauti, bila kujificha kwenye kanga, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kule barabarani kanga hazikusogea, hakuna aliyeingia, hakuna aliyeondoka. Basi lilipita, wakaliacha.

Askari alikuja kutoka getini, amekwisha kufungua daftari, anatafuta kalamu mfukoni. Alimwambia Maalim kwamba jina lile limetajwa kinyume cha waraka, na angependa kulipata kwa herufi zake.

Maalim Bungara alimwinulia kiganja chenye udongo.

"Subiri, mwanangu," akamwambia. "Namzika mtoto wa watu."

Akaanza upya kutoka mwanzo, kwa jina lile lile.